Kulanti ya gari la mbio: ipi ununue kwanza na ipi uiache

Kabla hujatoa pesa ya kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, soma kanuni za uwanja utakaokimbilia. Waandaaji wengi wa mbio wamepiga marufuku glaikoli, kimiminika kinachotiwa kwenye kulanti za kawaida ili isigande, na wana haki. Maji yakimwagika kwenye lami yenye joto hukauka upesi. Glaikoli hubaki na kuteleza, na dereva anayekuja nyuma kwa kasi anaikuta kwenye kona bila onyo. Ndiyo maana kulanti nzuri kabisa kwa safari za kawaida inaweza kukukosesha ukaguzi asubuhi ya mbio. Kwa hiyo mpangilio huu ni wa gari linalokimbizwa kwa nguvu, mizunguko mingi mfululizo, si la kwenda kazini na kurudi.

Nafasi ya kwanza naipa maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na chumvi wala madini, yakichanganywa na kiongezi cha kuzuia kutu. Wengi huyadharau maji kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya lita moja ya mchanganyiko wowote wa glaikoli. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kulichukua joto kwenye silinda hedi na kulifikisha kwenye rejeta. Hofu ya kwamba yatachemka kwenye nyuzi 100 inasahau mfuniko wa rejeta. Ukiwa na mfuniko mzima unaoshikilia presha ya bar 1, maji hayo hayachemki hadi karibu nyuzi 120. Injini iliyofikia hapo ina tatizo ambalo kulanti haitalitatua.

Kiongezi ndicho kinachoyafanya maji yafae. Red Line WaterWetter na Motul MoCool ndivyo vinavyofahamika zaidi, na vyote viwili hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Karibu na vali za ekzosi chuma huwa cha moto kiasi kwamba maji yanayokigusa huchemka papo hapo, hata kama geji inaonyesha hali njema. Vipovu vikiganda pale, chuma hakiguswi tena na maji na joto linapanda. Kiongezi hupunguza mvutano wa uso wa maji, vipovu vikabanduka mapema na maji yakarudi mahali pake. Pia hulinda alumini na kusaidia sili ya pampu ya maji isikauke. Usikitarajie kizibue rejeta iliyojaa matope.

Udhaifu wa chaguo hili ni mmoja, nao ni mkubwa: baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bloku ya injini haina pa kukwepea. Kama gari linalala mahali panapofika sifuri, yatoe maji yote au usiyatumie.

Nafasi ya pili ni theluthi moja ya glaikoli kwa theluthi mbili za maji yaliyokenekwa, pale tu kanuni zinaporuhusu. Ni chaguo la mwenye gari moja, analoliendesha barabarani katikati ya juma na uwanjani mwisho wa juma. Likitengenezwa kwa ethilini glaikoli, aina ya kawaida ya glaikoli, litastahimili baridi ya takriban nyuzi 17 chini ya sifuri na bado litabeba joto vizuri kuliko nusu kwa nusu. Usishuke chini ya kiwango hicho bila kusoma maelekezo ya kulanti yako, kwa sababu dawa za kutu zimo ndani ya glaikoli, na ukiizimua mno unazimua na kinga.

Nusu kwa nusu inashika nafasi ya tatu. Kinga yake hufika nyuzi 37 chini ya sifuri, jambo lisilo na faida mchana wa jua uwanjani. Hapa watu hupotezwa na rangi. Kijani, waridi, bluu, chungwa: hakuna sheria inayowafunga watengenezaji wote kwenye rangi moja, hivyo rangi haikwambii kilichomo. Tazama aina ya kemia na namba ya kiwango iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Zile za zamani zenye dawa za kutu za madini kama silikati, ziitwazo IAT, huchoka baada ya miaka 2 hivi, na zile zenye dawa za asidi za kikaboni, ziitwazo OAT, hudumu mara nyingi hadi miaka 5. Kuchanganya aina mbili kunaweza kuzidhoofisha zote.

Propilini glaikoli ina sumu kidogo kuliko ethilini, lakini kwa joto haina ushindi wowote, na marufuku ya glaikoli kwa kawaida huihusu nayo.

Mwisho kabisa naweka kulanti isiyo na maji, kama za kampuni ya Evans. Huchemka juu ya nyuzi 180 na mfumo hauhitaji presha kubwa, sifa ambayo mwenye gari la kale huipenda. Lakini hubeba joto kidogo kuliko maji, injini hukimbia ikiwa na joto zaidi, bei yake ni kubwa, na lazima uondoe karibu maji yote ya zamani kwanza. Na hozi ikipasuka uwanjani, huwezi kujaza maji ya dharura bila kuiharibu.

Maji ya bomba hayamo kwenye orodha. Chokaa yake hujenga ukoko ndani ya rejeta, na ukoko huo huzuia joto.

Pesa utakayookoa kwa kununua maji, ipeleke kwenye mfuniko mpya na klipu nzuri za hozi. Mfuniko uliolegea hufuta hesabu yote ya presha niliyoitaja, na fundi anaupima kwa dakika chache. Bonyeza hozi zikiwa baridi: iliyolainika kama sifongo au iliyokakamaa ikapasuka-pasuka, itoe. Ukishajaza, toa hewa yote kwenye mfumo, heta ikiwa imefunguliwa hadi mwisho.

Geji ya kiwandani usiiamini sana. Katika magari mengi ya kisasa mkono wake husimama katikati hata joto likipanda kwa nyuzi nyingi. Na maji yakivuja hadi kihisio kikabaki hewani, huweza kusoma chini wakati injini inaungua. Geji ya kweli, pamoja na taa ya onyo la presha ya kulanti, ni ununuzi wa busara kuliko chupa yoyote ya bei ghali.

Maliza kila mkimbio kwa mzunguko wa taratibu wa kupoza, fungua boneti, acha feni ifanye kazi. Usiguse mfuniko hadi rejeta ipoe. Kulanti ikiwa na rangi ya kutu, imwage. Ikiwa na utando wa mafuta, usikimbie tena kabla ya kukagua gasketi ya silinda hedi. Maji na kiongezi yabadilishe kila mwaka. Ethilini glaikoli iliyotumika ihifadhi kwenye chombo kilichofungwa na uipeleke panapopokelewa taka za sumu: ina ladha tamu, na mbwa au mtoto anaweza kuinywa ikamuua.