Mashine ya oksijeni ya nyumbani: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe dukani

Kabla ya kuuliza bei, shika karatasi ya daktari mkononi. Iwe na mambo matatu: lita ngapi kwa dakika, saa ngapi kwa siku, na kiwango cha oksijeni kwenye damu ambacho mgonjwa anatakiwa kubaki nacho. Mtu ambaye mapafu yake yameharibiwa na sigara au moshi wa kuni wa miaka mingi mara nyingi hupangiwa asilimia 88 hadi 92, wala si 98. Akizidishiwa, hewa ukaa inaweza kujikusanya mwilini, akaanza kuumwa kichwa asubuhi, kusinzia ovyo na kuchanganyikiwa. Lita ndiyo dozi, na haiongezwi bila daktari.

Mashine yenyewe haina akiba ndani. Inavuta hewa ya chumbani, yenye oksijeni asilimia 21, kompresa inaisukuma kwenye mitungi miwili yenye chembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na kinachotoka ni oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Umeme ukikatika, oksijeni nayo imekatika. Ndiyo maana tumezipanga kwa maswali mawili tu: je, inatoa usafi huo kwenye lita alizoandikiwa mgonjwa? Na je, umeme wa nyumba yako unaimudu?

1. Mashine ya lita 5, ya kukaa chini, volti 230 na hezi 50

Kwa mgonjwa aliyeandikiwa lita 1 hadi 4, hii ndiyo ya kununua. Ina uzito wa kilo 14 hadi 18, ina magurudumu, na nyingi hutumia wati 280 hadi 350. Ikitumia wati 350 mchana na usiku, inakula uniti 8.4 kwa siku, yaani kama 250 kwa mwezi. Familia iliyozoea kununua uniti 75 za mteja mdogo wa TANESCO ijue mapema kwamba daraja hilo halitatosha.

Jambo la kusisitiza kwa muuzaji ni kihisi cha usafi wa oksijeni. Philips EverFlo, kwa mfano, ilitengenezwa kwa namna mbili: yenye kihisi, inayotambulika kwa herufi OPI, na isiyo nacho. Isiyo na kihisi inaweza kuendelea kunguruma vizuri, kigololo cha kuonyesha mtiririko kikapanda kwenye lita 3, kumbe inatoa hewa iliyo karibu na ya kawaida kwa sababu zeolaiti imelowa au imechakaa. Yenye kihisi huwasha taa ya onyo usafi ukishuka chini ya asilimia 82 hivi. Tofauti ya bei kati ya hizi mbili ilipwe bila kusita.

Dukani, iwashwe kwa dakika 20 kwenye lita alizoandikiwa mgonjwa, kisha kipimo cha oksijeni kiwekwe kwenye tundu la kutolea. Muuzaji asiye na kipimo hicho hana namna ya kukuhakikishia anachouza. Soma pia kibandiko cha nyuma kuhusu mwinuko: baadhi ya mashine zinahakikishwa hadi kama mita 1,800 tu, nyingine hadi mita 2,000 na kidogo juu yake. Dar es Salaam na Mombasa hakuna shida. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800, iko ukingoni kwa baadhi ya mashine. Anayeishi huko, Njombe au Eldoret aulize kabla ya kulipa.

2. Mashine ya lita 10

Ni kwa aliyeandikiwa lita 5 na kuendelea, pia kwa yule wa lita 4 ambaye daktari anatarajia atapanda. Inavuta wati 550 hadi 650, ina kelele zaidi, joto zaidi, na ni nzito. Kumnunulia mgonjwa wa lita 2 "ili iwe na nguvu" ni kulipia umeme mara mbili bila faida, tena baadhi hazisomi vizuri lita ndogo. Kama hela ya ziada ipo, iende kwenye akiba ya namba 3.

3. Mtungi wa oksijeni, wa akiba

Hautoshi kuwa chanzo kikuu kwa mtu wa saa 15 kwa siku, lakini mgonjwa asiyeweza kukaa saa moja bila oksijeni asilale nyumba isiyo na mtungi. Hesabu ni rahisi: gawanya lita za oksijeni zilizomo kwenye mtungi uliojaa kwa lita za dakika. Mtungi mdogo wa lita 680 kwa lita 2 unadumu dakika 340, yaani saa tano na dakika arobaini. Ule mkubwa wa lita 6,800 unafika saa 56. Nunua pamoja na regyuleta yake (kifaa cha kupunguza mgandamizo na kupanga mtiririko), ifunge na kuifungua mwenyewe mbele ya muuzaji, na mtungi ufungwe mnyororo ukutani ukiwa wima. Kwenye nati na regyuleta lisiguse tone la mafuta wala grisi. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta huweza kuwasha moto papo hapo.

4. Mashine ndogo ya kubeba begani

Inafaa kwa safari za kliniki. Nyingi hutoa oksijeni kwa mpigo pale tu mtu anapovuta pumzi, na namba "2" kwenye kitufe chake si lita 2 kwa dakika. Anayepumua kwa mdomo, anayelala, au mtoto mdogo anaweza asiiamshe. Inunuliwe baada ya daktari kumpima mgonjwa akiwa ameivaa, akitembea.

5. Iliyotumika, kutoka Marekani

Kibandiko kikisema volti 115 na hezi 60, transfoma itarekebisha volti lakini hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) zitabaki 50. Kompresa itazunguka polepole, mtiririko utapungua, mota itachemka. Mashine ya mtumba ya volti 230 inaweza kufaa ikipimwa usafi. Angalia pia saa zilizoandikwa kwenye mita yake: mwaka mmoja wa kazi usiku na mchana ni saa 8,760.

Ya kuacha: ile ya mezani ya "lita 1 hadi 7"

Inauzwa sana mtandaoni, nyepesi na rahisi. Soma jedwali lake la maandishi madogo: asilimia 90 na zaidi kwenye lita 1, takriban 30 kwenye lita 7. Maana yake ni kwamba inazalisha lita moja tu ya oksijeni, kisha inaichanganya na lita sita za hewa ya chumbani. Mgonjwa wa lita 3 ataona namba 3 kwenye skrini na ataendelea kupungukiwa.

Umeme ndio unaoua mashine hizi

Chomeka kwenye soketi ya ukutani, si kwenye kebo ya kugawia yenye friji na pasi. Weka stabilaiza ya kVA 2 kwa mashine ya lita 5, kwa kuwa kompresa huvuta umeme mwingi inapowaka. Kile kifaa cha kulinda friji hakirekebishi volti, kinakata tu, halafu kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Dakika hizo mgonjwa hana oksijeni, kwa hiyo punguza muda wa kusubiri kama kina kitufe hicho, na mtungi uwe karibu. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, iwe ya "pure sine wave". Betri moja ya asidi ya volti 12 na Ah 200, ukiitumia nusu kama inavyotakiwa, itaendesha wati 350 kwa saa tatu hivi. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha: moshi wake una kaboni monoksidi, na oksimita ya kidoleni, ile inayopima oksijeni ya damu, haiwezi kuitofautisha na oksijeni. Itaonyesha namba nzuri mtu akiwa anakufa.

Ikishafika nyumbani

Iache sentimita 30 kutoka ukutani na mapazia, isijifiche nyuma ya kochi. Jiko la mkaa au gesi, mshumaa, kibatari, sigara, na chetezo cha udi au ubani vikae angalau mita 3. Nguo na shuka hunywa oksijeni, kwa hiyo mpira wa kupitishia oksijeni usiachwe kitandani mashine ikiwaka; izime. Mgonjwa akivua kanula (vijimirija vya puani), asubiri nusu saa kabla ya kusogelea moto. Midomo na pua zikikauka, tumia jeli ya maji isiyo na mafuta kutoka famasi, usitumie Vaseline.

Sponji ya nyuma inayochuja hewa ioshwe kila wiki kwa maji na sabuni laini, ikauke kabisa kabla ya kurudi. Chupa ya unyevu, ambamo oksijeni hupita kwenye maji, ijazwe maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotoneshwa (distilled), kati ya mistari miwili, na yabadilishwe kila siku. Kanula ibadilishwe kila wiki mbili hadi nne. Mpira usizidi mita 15.

Hewa ikikosekana puani, tumbukiza ncha za kanula kwenye glasi ya maji. Zisipotoa mapovu, angalia kwanza kifuniko cha chupa ya unyevu. Hapo ndipo hewa huvuja mara nyingi, kwa sababu hakikukazwa sawa. Halafu tafuta mpira uliokunjwa au kukanyagwa na mguu wa kitanda. Ukiruka chupa, ukachomeka mpira moja kwa moja, na mapovu yakaja, basi tatizo ni chupa.

Oksimita nayo inaweza kusoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi, na rangi ya kucha au piko huivuruga. Mgonjwa akihema kwa nguvu, akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali na mtungi wake, hata kama namba inasema 93.