Mafuta ya mchaichai na karafuu kwenye sabuni ya maji, uzoefu wangu

Jamani mimi natengeneza sabuni ya maji hapahapa nyumbani Temeke, ndoo ya lita 20 kwa wiki, nawauzia majirani na mama ntilie wawili. Miaka yote nilikua naweka pafyumu ya limao ya dukani ila kiukweli kila nikikoroga kichwa kinaniuma mpaka jioni, ndo nikaamua kuhamia kwenye mafuta halisi ya kunukia.

Ya kwanza niliuziwa sokoni nikaambiwa ni karafuu tupu. Harufu ilikuwepo, ila nilivyodondosha tone kwenye glasi ya maji likaelea juu na kutanda kama mafuta ya kupikia. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yakiwa safi yanazama, matone yanakaa kwenye kitako cha glasi kama shanga. Hela ikawa imeshaenda. Ila msitumie kipimo hicho kwa mchaichai maana yenyewe ni mepesi, yataelea tu hata yakiwa safi.

Baadae wifi yangu akaniletea chupa kutoka Unguja, karafuu ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, wale wenye kiwanda cha makonyo kule Wawi Pemba (makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa), na mchaichai chupa nyingine. Hii karafuu ilizama vizuri kabisa. Ni kali lakini! Iligusa kidole nikapata ganzi, na nilipimia kwenye kikombe cha plastiki cha kutupa kikaanza kunata, saivi napimia kwa sirinji na kuhifadhi kwenye chupa ya kioo nyeusi.

Sasa kosa langu. Nilimimina mafuta moja kwa moja kwenye ndoo ambayo sabuni imeshaiva, nikakoroga weee, lakini macho ya mafuta yalibaki yanaelea, na asubuhi sabuni iliyokua nzito kama uji imekua nyepesi kama maji ya mchele. Halafu ikabadilika rangi, ikawa kama chai ya rangi, kwasababu nilizidisha soda ashi (ule unga wa magadi wa kutengenezea sabuni) na karafuu ikikutana na soda inakua kahawia. Mama ntilie mmoja akaninunia, akasema hii inanukia kwa daktari wa meno. Na kweli, madaktari wa meno wanatumia hayohayo ya karafuu.

Ndoo iliyofuata nilichota slesi (ile malighafi nzito ya sabuni inayotoa povu) kama kikombe kimoja pembeni, nikaweka mchaichai mililita 45 na karafuu 15 tu, nikasugua taratibu na mwiko mpaka mafuta yote yakapotelea kwenye slesi, hapo ndo nikaingiza kwenye ndoo, tena mwisho kabisa, sabuni ikiwa imepoa na nimeshapima soda kwa karatasi ya pH. Chumvi nilibakisha kidogo nikamalizia baada ya mafuta maana ndo inarudisha uzito. Asubuhi naifungua imetulia, nzito, ina ukungu kidogo ila haijajitenga, na harufu jamani, mchaichai unatangulia alafu karafuu inakuja nyuma kwa mbali kama pilau ya jirani. Kichwa hakijaniuma hata kidogo. Huyo mama aliyeninunia kachukua lita tano.

Karafuu msizidishe hata kama mnaipenda, inawasha ngozi na hawa kinamama wanashinda mikono kwenye maji kutwa nzima.

Bei iko juu kuliko pafyumu, sana tu, nimelazimika kuongeza mia mbili kwa lita na hakuna aliyelalamika. Kwenye vyombo na mikono naipa kumi kwa kumi. Kwenye nguo hapana, ukishasuuza na kuanika harufu yote imeondoka na jua, kwaiyo wateja wa nguo bado nawawekea pafyumu ya dukani na siku hizo nakorogea nje.