Mchawi wa kihafulingi kutoka toleo la 3.5 hadi la tano: kitabu cha 2014 au cha 2024?

Anayetaka kumhamisha mhusika wake wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kutoka toleo la 3.5, lililotoka 2003, hadi toleo la tano, ana vitabu viwili vya mchezaji vya kuchagua: kile cha 2014 na kile kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2024. Tathmini hii inavipima vyote viwili kwa mhusika mmoja tu, hafulingi (kiumbe mfupi anayefanana na binadamu) wa ngazi ya 8 ambaye ni mchawi wa kuzaliwa, yaani yule ambaye uchawi umo damuni mwake wala hakuusoma vitabuni, mwenye alama 18 za mvuto, sifa inayoendesha uchawi wake. Hukumu yangu ni kwamba kitabu cha 2014 kinamtunza vizuri hafulingi lakini kinambana mchawi, na kile cha 2024 kinamrudishia mchawi sehemu kubwa ya alichonyang'anywa.

Tuanze na hafulingi mwenyewe. Katika toleo la 3.5 umbo lake dogo lilikuwa na faida zinazohesabika: nyongeza ya 1 katika mashambulizi na katika kinga, nyongeza ya 1 katika kila jaribio la kujinusuru (dadu inayorushwa ili kuepuka madhara), na nyongeza nyingine dhidi ya hofu. Adhabu yake ilikuwa mwendo wa futi 20 na upungufu wa nguvu. Toleo la tano limefuta nyongeza hizo ndogondogo na kuweka mahali pake bahati: hafulingi akipata 1 kwenye dadu ya pande 20 anaposhambulia, anapojaribu jambo au anapojinusuru, huirusha tena. Kwa maoni yangu mabadiliko haya ni bora kuliko hesabu ya zamani, kwa sababu bahati inaonekana mezani kila mtu akiwa anatazama, ilhali nyongeza ya 1 ilikuwa ikipotea ndani ya jumla. Mwendo nao umepanda, futi 25 katika kitabu cha 2014 na futi 30 katika kile cha 2024.

Hata hivyo, bahati hiyo haimsaidii mchawi kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Speli, yaani vitendo vya kichawi, zilizo nyingi za kushambulia humlazimisha adui ndiye arushe dadu, na hapo bahati ya hafulingi haina kazi. Kwa hiyo anayehamisha mhusika afikirie upya orodha yake ya speli. Speli ya miale ya moto ni mfano mzuri: katika toleo la 3.5 mchawi wa ngazi ya 8 alipiga miale miwili, kila mmoja ukiwa na dadu nne za madhara, na sasa anapiga mitatu yenye dadu mbili mbili. Jumla ya madhara imepungua, lakini kila mwale unarushiwa dadu yake ya shambulio, na kila mwale unaweza kuokolewa na bahati.

Upande wa mchawi ndio wenye maumivu. Katika toleo la 3.5 mchawi wa ngazi ya 8 alikuwa na nafasi 20 za speli kwa siku, yaani mara 20 za kuzitumia, bila kuhesabu zile za ziada zinazotokana na mvuto wala speli ndogo za ngazi ya sifuri, na alijua speli 11. Kitabu cha 2014 kinampa nafasi 12 na speli 9. Mnyama mwandani, ambaye mchawi wa zamani aliweza kumwita tangu ngazi ya kwanza, hayumo tena katika fani hii ya uchawi wa kuzaliwa. Fidia ipo: speli ndogo sasa hazina kikomo, na ugumu wa kujinusuru, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu, haufuati tena ngazi ya speli. Zamani speli ya ngazi ya kwanza ya mhusika huyu ilikuwa na ugumu wa 15 na ile ya mpira wa moto, ya ngazi ya tatu, 17. Sasa zote ni 15, na zitapanda pamoja kadiri mchawi anavyokua, hivyo speli alizojifunza mwanzoni hazichakai.

Kinachobadilisha uchezaji kuliko hesabu zote hizo ni kanuni ya umakini. Mchawi wa 3.5 aliweza kujificha asionekane, kuruka angani na kumwongezea kasi mwenzake, yote kwa wakati mmoja. Katika toleo la tano kila mojawapo ya speli hizo hudai umakini, na mchawi anaweza kushikilia moja tu. Akiumizwa, lazima ajinusuru kwa dadu ya ustahimilivu au speli ivunjike. Hapa ndipo hafulingi anapong'ara, kwa kuwa fani yenyewe ina umahiri katika jaribio hilo, na ile 1 ambayo ingevunja speli hurushwa tena. Mhusika ambaye sifa yake ilikuwa kurundika speli za kujikinga hataweza kuhamishwa kwa kunakili orodha. Ni afadhali kujiuliza wenzake walimtegemea kwa jambo gani hasa, kisha kutafuta speli moja ya kulitimiza.

Kitabu cha 2024 kinajibu malalamiko mengi. Katika ngazi ya 8 mchawi anaandaa speli 12, zaidi hata ya zile za 3.5, na mara mbili kati ya mapumziko marefu anaweza kuamsha uchawi wake kwa dakika moja, ugumu wa speli zake ukapanda kwa 1 na mashambulizi yake ya uchawi yakarushiwa dadu mbili na kuchukua iliyo bora. Hilo la pili, likiunganishwa na miale mitatu na bahati, ni zawadi kwa hafulingi. Uwezo wa kujificha nyuma ya kiumbe kikubwa kuliko yeye, ambao katika kitabu cha 2014 ulikuwa wa tawi moja tu la mahafulingi, sasa ni wa wote. Nyongeza za alama hazitokani tena na jamii bali na maisha ya awali ya mhusika. Anayetaka wepesi na mvuto pamoja atazipata kwa kuchagua maisha ya mtangatangaji au ya mlaghai. Kasoro ninayoiona ni kwamba ujuzi wa kugawa speli kwa walengwa wawili umepunguzwa makali, na hauwezi tena kuwaongezea kasi wenzake wawili kwa mpigo. Mchawi aliyejengwa juu ya msaada wa aina hiyo abaki na kitabu cha 2014.

Kuna suala moja ambalo huzua ubishi mezani. Katika kitabu cha 2014, mchawi mwenye asili ya uchawi usiotabirika hurusha dadu ya pande 20, na akipata 1 kioja hutokea. Wapo wanaodai kwamba hafulingi ataikwepa kwa bahati yake. La hasha: urushaji huo si shambulio, si jaribio la uwezo, wala si la kujinusuru. Marekebisho ya 2024 yameuondoa mkanganyiko kabisa kwa kuhamishia kioja kwenye 20.

Wanaotoka toleo la nne wana kazi tofauti, kwa kuwa nguvu zote za toleo hilo zilipangwa kwa mfumo wake wenyewe na mhusika lazima aandikwe upya. Nao waliozoea vitabu vya kabla ya 2000 hawana cha kuhamisha, kwani kanuni za msingi za wakati huo hazikumruhusu hafulingi kuwa mchawi wa aina hii.

Kabla ya kununua, ni vyema kujua kwamba sehemu ya kanuni za toleo la tano imetolewa bure, na hafulingi pamoja na fani ya mchawi wa kuzaliwa wamo. Asili pekee ya uchawi iliyomo, hata hivyo, ni ile ya damu ya joka. Anayeridhika nayo hana haja ya kulipa chochote. Anayetaka vioja vya uchawi usiotabirika atalazimika kununua kitabu, na kwa hafulingi ningemshauri achukue cha 2024.