TAHADHARI: "Mwalimu wa IELTS" wa Mwanjelwa, sasa kahamia Iringa na Njombe

Wadogo zangu na wenzangu mnaohangaikia skolashipu, hasa mlioko Mbeya, Iringa na Njombe, someni hii kabla hamjatuma hela. Mimi nimeshapigwa. Laki tatu na nusu, na hiyo ni ya twisheni tu. Nauli ya Dar, gesti na ada ya mtihani wenyewe sijaziweka, maana nikizijumlisha usingizi unakata.

Mimi ni muuguzi hapa Mbeya. Mwaka jana nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza kwa sharti moja: IELTS Academic, yaani mtihani wa Kiingereza wa wanaokwenda kusoma, jumla bendi (alama) 6.5 kati ya 9, na isiwepo sehemu iliyo chini ya 6.0. Kusikiliza, kusoma na kuongea havikunitisha. Kuandika ndiko kulikonitia homa, kwa sababu tangu nitoke chuo Kiingereza nilichoandika ni ripoti za zamu, na zile wenzangu mnazijua: mgonjwa kalala vizuri, dripu imeisha saa tisa, basi.

Tangazo nililiona kwenye grupu la WhatsApp. Jamaa anafundishia chumba cha juu ya duka, Mwanjelwa, "uhakika wa bendi 7.5 ndani ya wiki tatu". Mafunzo laki mbili na nusu. Ukiongeza laki moja unapewa maswali "yatakayokuja". Naona aibu kuandika hili lakini laki niliongeza. Tamaa.

Wiki mbili za mwanzo tuliandika barua. Barua ya kumlalamikia mwenye nyumba, barua ya kumshukuru rafiki, barua ya kuomba likizo. Tulikuwa wanane, Juni ile, baridi ya Mbeya inapita chini ya mlango, tunaandika na makoti. Wote wanane tulikuwa tunakwenda kusoma na hakuna aliyeshtuka. Barua ni za IELTS General Training, ambayo wengi wanaoifanya wanakwenda kufanya kazi au kuhamia. Academic haina barua kabisa. Swali la kwanza unapewa grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua za kitu fulani, unaeleza unachokiona kwa maneno yasiyopungua 150. Mimi nilijua siku tano kabla ya mtihani, nilipofungua mwenyewe sampuli za bure kwenye tovuti ya IELTS. Nikampigia. Akasema, "Dada, mbinu ni ile ile."

Ile ile wapi! Siku mbili za mwisho akatugeuzia grafu, na akatufundisha kumalizia kwa maoni, kwamba serikali ichukue hatua. Kwenye grafu hakuna anayekuuliza maoni. Unasema kipi kimepanda, kipi kimeshuka, kipi kimezidi vyote, na kwa jumla picha inaonyesha nini. Serikali iache ipumzike.

Daftari langu ninalo mpaka leo. Insha kumi na moja, kila moja ina tiki kubwa nyekundu na neno "Good", mbili zimepata "Very good". Hakuna sentensi hata moja iliyopigiwa mstari. Juzi nimerudia kuisoma ile ya nne: katika aya moja tu nimeacha ile "s" ya nafsi ya tatu mara sita. Huyu ni mtu tuliyemlipa asahihishe. Mimi naamini hakusoma kabisa, alikuwa anapiga tiki huku anaongea na simu.

Sasa lile desa la laki moja. Kurasa 40 za kopi, insha za kukariri, pamoja na utangulizi mmoja wa kuvaa mada yoyote ile, unaoanza na "dunia ya leo inayobadilika kwa kasi". Niliukariri kama Baba Yetu. Chumba cha mtihani mada iliyokuja haikufanana na hata moja. Nikaubandika utangulizi hivyo hivyo, nikabaki nahangaika kuufungia mada kwa nguvu. Muda nao ulishanitupa: dakika ni 60 kwa maswali yote mawili, na la pili, lenye maneno yasiyopungua 250, ndilo lina uzito mara mbili ya la kwanza. Linataka dakika kama 40. Mimi nililibakizia 25, nyingine nilizimalizia kwenye grafu natafuta pa kuchomeka serikali.

Matokeo: kusikiliza 7.0, kusoma 6.5, kuongea 6.5, kuandika 5.0. Wastani wake ni 6.25, na wao 6.25 wanaipandisha kuwa 6.5. Kwa hiyo jumla niliyotakiwa niliipata, na nafasi nikaikosa kwa sababu ya sehemu moja.

Nilipodai hela yangu akaniambia sikukariri vizuri. Halafu, bila hata kupumua, akaja na mchongo mwingine: milioni mbili na nusu, cheti "halisi kilichosajiliwa", bila kukaa kwenye mtihani. Hapa naomba mnisikilize sana. Chuo hakiishii kutazama karatasi uliyotuma, kinahakiki matokeo yako mtandaoni kwa namba iliyo kwenye cheti. Kisichokuwepo kule kinaonekana siku hiyo hiyo. Na ukiombea viza ya Uingereza kwa cheti feki, unaweza kufungiwa miaka 10. Na haya ya kukariri: insha ikithibitika imekaririwa yote, inapewa 0.

Ukitaka kumpima mwalimu kabla hujamlipa, muulize insha inasahihishwa kwa vigezo gani. Viko vinne, kila kimoja robo ya maksi: umejibu ulichoulizwa, mpangilio na mtiririko, msamiati, sarufi. Maelezo yake yametolewa bure mtandaoni, kwa hiyo hana kisingizio. Kisha mpe insha moja. Akikurudishia tiki tupu, panda bajaji urudi nyumbani. Mimi sasa nasoma na mama mmoja mstaafu huko Uyole, elfu tano kwa insha. Ya kwanza alinirudishia imejaa wino mwekundu mpaka nikadhani kamwagikiwa.

Jamaa amebadilisha laini na picha, ila desa hajabadilisha. Lina jalada la kijani, ukurasa wa 14 umejirudia mara mbili, na neno "Academic" pale mbele limeandikwa kwa "k" mwishoni. Wiki iliyopita mdogo wangu wa Makambako katumiwa picha yake. Ukitumiwa na wewe, namba yake iripoti 15040, halafu niandikie inbox. Tupo sita tayari tunaokwenda polisi.