Kifurushi cha vipimo vya tumbo: kwa maumivu ya ghafla, nyota 1 kati ya 5

Zahanati na maabara nyingi za Dar es Salaam zinauza "kifurushi cha tumbo": Widal (kipimo cha damu cha taifodi), H. pylori ya damu (mdudu wa vidonda vya tumbo), choo, mkojo na picha ya damu (hesabu ya chembe za damu), vyote kwa bei moja. Mwenye kiungulia cha miezi mitatu anaweza kuambulia kitu. Aliyeshikwa na tumbo saa mbili zilizopita, hawezi kunyooka wala kukohoa bila kujishika, anapoteza pesa na, kibaya zaidi, muda.

Widal moja haithibitishi taifodi, kwa sababu kingamwili za maambukizi ya zamani hubaki mwilini. H. pylori ya damu inaonyesha tu kwamba mdudu aliwahi kuingia. Picha ya damu ikiwa safi, kidole tumbo bado kinaweza kuwa kimevimba. Mgonjwa anarudi Mbagala na dawa za taifodi, kidole tumbo kinapasuka usiku.

Kilichoachwa nje ya kifurushi ndicho kilichopaswa kutangulia. Kipimo cha mimba kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa, hata anayesema yuko kwenye siku zake: mkojo kidogo, dakika 5. Kikiwa chanya, utrasaundi ifuate papo hapo kutafuta mimba iliyotunga nje ya kizazi. Sukari ya kidoleni nayo, maana kisukari kilichoifanya damu kuwa na asidi huleta tumbo kali kama la upasuaji. Aliyevuka miaka 40 na anaumwa chembe cha moyo apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Picha huchaguliwa kwa mahali panapouma. Juu kulia ni utrasaundi. Mawe ya nyongo inayaona vizuri. Chini kulia pia, hasa kwa watoto na wajawazito, ila soma ripoti kwa makini: "kidole tumbo hakikuonekana" maana yake si "kizima". Gesi na mafuta ya tumbo hukificha. Kikionekana kina upana unaozidi milimita 6 na hakibonyei, kimevimba. Ripoti ya mstari mmoja isiyo na kipimo hicho irudishwe.

Tumbo gumu kama ubao linataka eksirei ya kifua, mgonjwa akiwa amekaa wima dakika 10 hivi ili hewa iliyovuja ipande chini ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Akipigwa amelala chali, hewa inaweza isionekane. Na hata ikikosekana kwenye picha nzuri, utumbo bado unaweza kuwa umetoboka. Hapo CT, picha ya vipande vya mwili kwa kompyuta, ndiyo inayoamua. Maumivu yanayopenya hadi mgongoni: kipimo cha damu cha lipasi, kimeng'enya cha kongosho. Ikifika mara 3 ya kikomo cha juu cha kawaida, kongosho ndilo la kushukiwa.

Kwa hiyo ruka kifurushi, nenda penye upasuaji: hospitali za Amana, Temeke, Mwananyamala, au Muhimbili, ambako idara ya dharura ilifunguliwa 2010. Na omba dawa ya maumivu mapema, kabla ya vipimo. Haifichi ugonjwa, mgonjwa aliyetulia hupimika vizuri zaidi.