Kifaa cha kupulizia chenye gololi: shinikizo lake lina thamani kuliko mtikisiko wake

Kifaa hiki cha kusafisha kifua, chenye umbo la kiko na gololi ya chuma iliyokaa ndani ya faneli ndogo, huuzwa kwa kusifiwa mtikisiko wake: mtumiaji anapopuliza, gololi hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, na mtetemo huo ndio unaodaiwa kubandua makohozi. Ninakitumia kwa sababu mirija yangu ya hewa imetanuka na kulimbikiza ute, na ninakipendekeza, ila kwa sababu ambayo karatasi ya maelekezo inaigusa kwa sentensi moja tu.

Ukuta wa mrija wa hewa umefunikwa na tabaka mbili. Chini kuna umajimaji mwepesi wenye kina cha mikromita 7 hivi, ambamo silia, yaani vinyweleo vidogo sana vya seli, hupiga mara 10 au zaidi kwa sekunde, na juu yake kuna ute mzito unaosukumwa kuelekea kooni. Ute ukizidi, mvutano wa uso, yaani nguvu inayoufanya uso wa umajimaji ujikaze na kusinyaa, huanza kufanya kazi dhidi ya mgonjwa. Katika karne ya 19 Joseph Plateau, na baadaye Lord Rayleigh, walieleza kwa nini mchirizi wa maji hukatika kuwa matone. Kanuni hiyohiyo huufanya utando wa ute ndani ya mrija mwembamba ujikusanye kuwa pete, na unene wake ukipita takriban asilimia 12 ya nusukipenyo cha mrija, pete hiyo huweza kufumba kabisa na kuwa kizibo. Hatari huwa kubwa zaidi mwishoni mwa kutoa pumzi, kwa kuwa mirija imesinyaa ilhali ute haujapungua. Kuzibuka nako kuna madhara yake, maana kizibo kinachosukumwa hadi kupasuka huzikandamiza na kuzivuta seli za ukuta kwa nguvu inayoweza kuzijeruhi.

Hapo ndipo gololi inapostahili sifa. Uzito wake huzuia hewa isitoke kwa mkupuo, hivyo shinikizo la takriban sentimita 10 hadi 20 za maji hubaki ndani ya mirija na kuisaidia isijifunge mapema. Ukivuta pumzi na kuishikilia kwa sekunde mbili au tatu kabla ya kupuliza taratibu, hewa hupata nafasi ya kupenya kwa njia za pembeni hadi nyuma ya kizibo, na bila hewa hiyo hakuna cha kukisukuma. Siudharau mtikisiko, kwa sababu ute hupungua mnato unapotikiswa, lakini anayepuliza kwa nguvu ili gololi icheze zaidi huimaliza pumzi yake mapema na kupoteza faida iliyo kubwa.

Kasoro yake kuu ni kwamba hutegemea pembe: kikiinamishwa vibaya gololi hunyamaza, na mtu aliyelala hawezi kukitumia ipasavyo. Vifaa vya aina hii vinavyotumia sumaku na wenzo havina tatizo hilo. Makohozi yakikaukia ndani ya faneli gololi hunata, kwa hiyo kifunguliwe, kioshwe na kukaushwa kila baada ya matumizi.

Tafiti linganishi hazijaonyesha wazi kwamba kinazishinda mbinu nyingine za kusafisha kifua. Mwenye historia ya pafu kuvuja hewa, au anayekohoa damu, asikiguse kabla ya kumwona daktari.