Land Rover yangu ya zamani na gereji nisiyoisamehe

Nilikusudia kuandika sifa za Land Rover 109 ambayo kwa miaka mingi nimeiendesha kila siku kwenda kazini hapa Mtwara, lakini kila ninapoanza sentensi ya kwanza mawazo yananirudisha kwenye gereji moja ya mjini, ambayo jina lake nalihifadhi, na kwa kijana aliyenipokea pale. Basi nitaanza na huyo.

Ulikuwa mwanzo wa msimu wa korosho, na fundi wangu wa siku zote, mzee anayelijua gari langu kwa kulisikiliza tu, alikuwa amepanda Newala kuhudumia shamba lake. Gari lilikuwa limeanza kukosa nguvu likishapata moto, na nilikwisha kutambua kwamba utando wa mpira ulio ndani ya pampu ya petroli umechoka. Nilichohitaji ni mtu wa kuubadilisha. Kijana yule, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, hakuniamkia wala hakuniuliza gari lina shida gani. Alichukua kifaa chake cha kusomea hitilafu, akainama chini ya usukani na kuanza kutafuta pa kukichomeka. Nilipomweleza kwa upole kwamba gari hili halina kompyuta, aliinuka, akawatazama wenzake, wakacheka.

"Mzee, hili si gari, ni chuma chakavu," aliniambia. "Wapelekee wanaopima kwa kilo."

Ningeondoka saa ile ile. Nilibaki kwa sababu kesho yake nilikuwa na ahadi ya kumpeleka mama mkwe Lindi kwenye hitma ya ndugu yake. Jioni nilikabidhiwa gari likiwa na pampu ya umeme ambayo sikuiagiza, na bei yake imekwisha kuandikwa. Nilipoidai ile ya zamani niliambiwa imetupwa. Pampu ile ilikuwa na kikombe cha kioo ambamo maji na uchafu wa petroli hutuama, ukaviona kwa macho yako, ukakifungua kikombe kwa vidole, ukakifuta kwa kitambaa na kuendelea na safari. Ilikuwa pia na kiwiko cha kuvutia petroli kwa mkono. Aliyeitupa hakujua alichokuwa amekishika, na hakutaka kuuliza.

Mikindani tulipita vizuri. Tulipokwisha kuiacha Mpapura, na Mnazi Mmoja bado iko mbele, mama mkwe, ambaye kwa adabu zetu hatuna mazungumzo mengi tukiwa wawili, alivunja ukimya.

"Baba, simamisha. Nasikia harufu ya petroli."

Nilizima injini na kufungua boneti. Petroli ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye kabureta. Ndani ya kabureta kuna boya linaloinuka petroli ikitosha na kuisukuma sindano izibe njia, na sindano hiyo imezoea msukumo mdogo wa pampu ya zamani. Pampu waliyoifunga ilikuwa inasukuma kwa nguvu ambayo sindano haiwezi kuizuia. Kwenye injini hii kabureta imekaa upande ule ule wa bomba la moshi, kwa hiyo petroli ilikuwa inadondokea chuma cha moto. Niseme wazi: tungeungua, mimi na mama wa mke wangu, kwa sababu ya mtu aliyekuwa na haraka ya kucheka.

Mama mkwe alitandika khanga chini ya mkorosho, akaketi bila kulalamika, na kutolalamika kwake kuliniumiza zaidi. Nikiwa nimesimama juani niliamua kwamba gari la zamani halimfai mtu mwenye wajibu kwa watu, na kwamba nikifika Lindi nitatafuta mnunuzi. Nilimaanisha.

Lori lililobeba korosho lilisimama. Dereva wake alishuka, akatuamkia sote wawili, ndipo akatazama injini. Tulichomoa waya wa pampu, tukasubiri injini ipoe kabisa, tukakausha kila mahali palipolowa, kisha tukafunga dumu la lita 5 kwenye keria juu ya paa na kushusha mpira mwembamba hadi kwenye kabureta. Petroli ilishuka kwa uzito wake yenyewe, pasipo pampu yoyote, na injini ikawaka. Sishauri mtu afanye hivyo isipokuwa amekwama kabisa; sisi tulikwenda polepole, na utingo wa lori alipanda nasi ili auangalie mpira njia nzima. Tulifika, na hitma tuliiwahi.

Hapo ndipo niliposhindwa kuliuza. Gari la jirani yangu, jipya kuliko langu kwa miaka mingi, liliwasha taa ya injini na kulala uani wiki mbili likisubiri kifaa kutoka Dar es Salaam, wakati langu lilifika Lindi kwa dumu na kipande cha mpira. Asubuhi nikielekea kazini hufungua vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele, na upepo wa bahari unaingia moja kwa moja kifuani. Bahari yetu hula magari, lakini bodi hii ni ya alumini, kwa kuwa Land Rover za kwanza, mwaka 1948, ziliundwa wakati chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita, na dhiki yao ile imenifaa mimi mkazi wa Shangani. Fremu ni ya chuma, naipaka oili chafu kila mwaka kabla ya masika, na kazi hiyo naipenda.

Niliporudi gereji, kijana yule aliniuliza, "Si umefika nalo hapa?" Mkubwa wake alinirudishia nusu ya fedha bila kusema hata pole. Anayeniuliza kama anunue gari la namna hii, nilikuwa namjibu kwamba asinunue kama hana fundi wa kuaminika. Sasa namwambia anunue, ila amtafute fundi kwanza, na amtafute miongoni mwa wazee.

Fundi wangu aliporejea kutoka Newala alipata pampu nyingine Masasi, kutoka kwenye gari lililokwisha kufunguliwa spea. Kikombe chake kina ufa mdogo ukingoni, lakini hakivuji. Juzi nilimpeleka tena mama mkwe Lindi, na tulipofika Mikindani alinyoosha mkono, akafungua kifuniko cha hewa cha upande wake.